Ndoto bila jasho ni usingizi tu!

NIAMBIE ukweli, msomaji wangu. Jana usiku kabla hujapitiwa na usingizi uliwaza nini? Ulijiona unashuka kwenye gari lako mwenyewe, kiyoyozi kinapuliza, majirani wanachungulia dirishani? Ulijiona umevaa joho la mahafali huku shangazi zako wanapiga vigelegele? Au ulishajenga kabisa, ukawa unachagua rangi ya geti?

Usione haya. Hata mimi ni bingwa wa mchezo huo. Kungekuwa na ligi ya kuota mchana, kombe ningelichukua kila msimu.

Lakini leo sikuja kukuchekesha tu. Nataka nikusimulie jinsi ndoto tamu ilivyokula hela ya mama yangu, halafu tuangalie kwa nini mtu anaweza kuwaza mema asubuhi, mchana na jioni, na bado asisogee hata hatua moja.

KARATASI UKUTANI

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kwenye Hesabu nilikula F. F ya wima, isiyo na mjadala. Nikaamua kurisiti.

Mama yangu anauza vitumbua. Zamu yake ya kupokea mchezo ilipofika, alinihesabia hela ya kujiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaongeza na ya twisheni. Aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga, noti moja moja, akasema: "Haya baba, hizi hapa. Nyingine sina."

Wiki hiyo hiyo mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, akanipeleka kwenye semina ya mhamasishaji. Ukumbi umefurika, spika zinaunguruma, jamaa kavaa suti inang'aa kuliko sahani za harusi. Akatuambia umaskini uko kichwani. Akatufundisha kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tuseme mara 10, "Mimi ni mshindi." Akasema ukiandika unachokitaka na kukibandika mahali unapokiona, kitakuja chenyewe.

Nilitoka pale najiona nina mabawa. Nikachukua karatasi na kalamu nene, nikaandika: HESABU A. MHANDISI. Nikaibandika juu ya kitanda.

Asubuhi ni mimi na kioo. Jioni ni mimi na kijiwe. Niliwatangazia washikaji wote mpango wangu, nao bila hiyana wakaanza kuniita "Mhandisi". Hata muuza kahawa alikuwa ananiuliza, "Mhandisi, nikumiminie?" Jamani, jina lile lilikuwa tamu! Nilikuwa nakaa kwenye lile benchi nikiwaeleza watu madaraja nitakayoyajenga, mpaka kahawa inapoa.

Daftari la Hesabu? Lilikuwa chini ya godoro. Kujiandikisha? Kesho. Ile kesho ikazaa kesho kutwa, kesho kutwa ikazaa mtondo.

Na hela nayo ilikuwa inayeyuka. Leo chipsi mayai, kesho bando, siku nyingine nauli ya kwenda ufukweni "ili akili itulie". Siku nilipokwenda kujiandikisha, muda ulikuwa umeshapita kwa siku tatu. Na hata ungekuwa haujapita, hela iliyobaki mfukoni isingefika popote.

Nilimkuta mama uani analoweka mchele wa kesho. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliinamia sufuria lake akaniuliza: "Mwanangu, kila asubuhi nilikuwa nakusikia unaongea na kioo. Kilikujibu nini?"

Kisha akaendelea kuosha mchele. Bora angenichapa.

NDOTO ZA ALINACHA

Wazee wetu walishatuonya, tena kwa jina kabisa. Mtu akiwa anaota mali asizozitolea jasho, huambiwa anaota ndoto za Alinacha. Wengi tunalitaja jina hilo bila kujua jamaa mwenyewe alifanya nini.

Kisa chake kimo katika Alfu Lela Ulela. Alinacha alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akaviweka kwenye kapu na kukaa kando ya njia kuviuza. Badala ya kuita wateja, akaanza kuwaza. Nitauza kwa faida, nitanunua vingine, nitakuwa tajiri, nitamuoa binti wa waziri. Akajiona anamringia mkewe, mke anampigia magoti, naye anamsukuma kwa teke. Bwana wee, lile teke akalirusha kweli! Likatua kwenye kapu, vioo vyote vikawa vigae.

Tazama vizuri kosa la Alinacha liko wapi. Mtaji alikuwa nao. Bidhaa alikuwa nazo. Sehemu ya kuuzia alikuwa nayo. Kilichomponza ni kufika kwenye utajiri kwa mawazo kabla hajauza hata bilauri moja. Mimi na Alinacha ni ndugu wa damu, tofauti ni kwamba kapu la vioo lilikuwa la mama.

KWANI KUWAZA MEMA NI KOSA?

Hapana, tusipelekane mbio. Mtu aliyekata tamaa haamki kitandani. Anayeamini hawezi, hajaribu. Kwa hiyo moyo wa matumaini unatakiwa, tena sana.

Shida ni namna habari hii inavyouzwa. Mwaka 1952 mchungaji wa Marekani, Norman Vincent Peale, alitoa kitabu kuhusu nguvu ya kuwaza mema, kikasomwa dunia nzima. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia naye akatoa The Secret, kitabu kinachosema mawazo yako huvuta kwako kile unachokiwaza. Kiliuzwa kwa mamilioni. Maneno unayoyasikia kwenye semina zetu za mjini mengi yametoka kwenye shina hilo. Lakini yakifika kwetu yanakuwa yamekatwa mkia. Mtu anabaki na kuwaza, kazi inasahaulika njiani.

Sasa sikia hii. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Thomas Wadden walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza unene. Waliokuwa na imani kwamba wataweza walipungua zaidi. Hapo sawa. Lakini waliokuwa wanajiona kwenye ndoto wameshakuwa wembamba, wanapita mbele ya vishawishi vya chakula bila hata kugeuka, walipungua kidogo kuliko wenzao. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa kama kilo 11!

Umeona hapo? Kuamini utaweza ni kitu kimoja. Kujiona umeshaweza ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 2002 Oettingen na Doris Mayer wakaja na habari ya wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani waliokuwa wanatafuta kazi. Waliokuwa wanaota sana kazi nzuri waliandika barua chache za maombi, na baada ya miaka miwili walikuwa wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 2011 Oettingen na Heather Kappes walionyesha kwamba ukiwaza raha ya kufika, mwili unapoa. Dada zangu mtanisamehe, maana mojawapo ya majaribio yao lilikuwa la kina dada walioambiwa wajione wamevaa viatu vya kisasa vya visigino virefu, wamependeza, kila mtu anawaangalia. Presha yao ya damu, ambayo hupanda kidogo mtu anapojiandaa kufanya jambo, ilishuka. Mwili ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshamaliza safari.

Ndiyo maana baada ya kuota gari unapata usingizi mzuri. Kwa nini usilale wakati kichwani gari limeshaegeshwa?

KIJIWE NACHO KILINIPONZA

Kuna jingine lilinigusa kwenye mshono. Mwaka 2009 mtafiti Peter Gollwitzer na wenzake walitoa habari za wanafunzi wa sheria waliosema watakazana na masomo wawe wanasheria wazuri. Wale ambao watu walishajua nia yao walifanya kazi kwa muda mfupi kuliko wale ambao nia yao haikujulikana. Ukishasifiwa kwa nia, unaanza kujiona umekaribia kuwa kile unachokisema.

Nikalikumbuka lile benchi la kahawa. Nilikuwa nimeshapewa uhandisi bure kabisa, tena bila kupiga hesabu hata moja. Sasa mtihani wa nini?

Kwa hiyo ukiwa na jambo lako, usilitangaze kila kona ili upigiwe makofi. Mwambie mmoja atakayekuuliza Jumamosi, "Ile kazi umefikia wapi?" Huyo anafaa kuliko kumi wa kukuita bosi.

MTAZAME SIMBU

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ya mwisho ndiyo iamue. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na ushee!

Wengi tulimjua Simbu siku ile. Lakini safari yake ilianza zamani. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akachukua shaba kwenye Mashindano ya Dunia London. Mwaka 2021, Olimpiki ya Tokyo, akawa wa 7. Mwaka 2024 kule Paris akatoka bila medali. Aprili 2025 akawa wa 2 Boston. Hesabu miaka kati ya ile shaba na ile dhahabu. Ni minane.

Sitii shaka kwamba aliwaza ushindi. Hakuna anayekimbia kilomita zote hizo akiwaza kushindwa. Lakini zile sekunde 0.03 hazikutoka kwenye kioo cha chumbani. Zilitoka kwenye miguu, na miguu hiyo ilikuwa imeshakimbia asubuhi nyingi ambazo hapakuwa na kamera.

SASA UFANYEJE?

Usije ukasema nimekuponda halafu nikakuacha kwenye mataa. Huyo huyo Oettingen ana njia yake ya hatua nne. Haina kiingilio.

Kwanza, taja unachokitaka. Kimoja, kigumu lakini kinachowezekana. Siyo "nataka maisha mazuri". Sema "nataka kufaulu Hesabu" au "nataka cherehani yangu mwenyewe kufikia Desemba".

Pili, waza utakavyojisikia ukikipata. Hapa ndipo ndoto inapata nafasi yake. Ifurahie, lakini usiilalie.

Tatu, jiulize ni kitu gani ndani yako kinachokuzuia. Wengi tunaruka hapa. Siyo serikali, siyo mjomba aliyekunyima mtaji. Ndani yako. Uvivu? Aibu? Woga wa kushindwa tena? Simu?

Nne, panga utakavyokikabili kikwazo hicho, kwa maneno haya: "Ikitokea hivi, basi nitafanya vile." Taja siku, saa na mahali.

Hiyo ya nne usiidharau. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waliwagawa wanafunzi 248 wa chuo kikuu katika makundi matatu, wakataka kuona nani atafanya mazoezi ndani ya wiki moja. Kundi la kwanza halikuambiwa chochote cha maana, waliofanya hawakufika nusu. La pili lilipewa maneno ya kuhamasisha, faida za mazoezi na hatari za ugonjwa wa moyo. Hao nao waliofanya hawakufika nusu. Kundi la tatu lilisikia maneno yale yale, halafu wakaandika siku, saa na mahali watakapofanyia mazoezi. Asilimia 91 wakafanya!

Kwa maneno mengine, uhamasishaji peke yake haukuongeza watu wa kutajika. Mpango ulioandikwa vizuri ndio ulioongeza umati. Kiingilio cha semina yangu sijui nimdai nani.

MIMI NILIVYOJARIBU

Mwaka uliofuata niliibandua ile karatasi. Nikajiuliza kikwazo changu ni nini, nikagundua siyo Hesabu. Ilikuwa aibu. Niliona haya kukaa benchi moja na watoto wa kidato cha tatu kwenye twisheni, mimi na ndevu zangu. Kijiweni ndiko nilikokuwa najificha nisiione ile aibu.

Nikaandika kwenye daftari: "Ikifika saa 11 jioni na washikaji wakaniita kijiweni, nitapita uchochoro wa nyuma niende twisheni." Nyingine: "Nikikwama kwenye swali, nitamuuliza aliye karibu, hata kama ni mtoto."

Hela nayo niliitafuta mwenyewe. Nilibeba zege kwenye majengo, na asubuhi nikawa nampelekea mama vitumbua dukani kwa wateja wake kabla sijaenda kibaruani. Hela ya kujiandikisha ilipotimia sikuilaza nayo. Nilikwenda siku ile ile.

Siku ya kwanza twisheni watoto walicheka. Ya pili wakacheka kidogo. Wiki ya tatu kuna binti mmoja mdogo akaanza kunielekeza logarithimu, tena kwa heshima zote, "Kaka, hapa umekosea." Nilimezea. Nikafuta, nikaandika upya.

Matokeo yakatoka. Nilipata D.

Najua ulikuwa unasubiri A. Hata mimi niliisubiri. Ukutani niliandika A, maisha yakanipa D. Lakini ile A ya ukutani haikuwa yangu, ilikuwa ya kalamu nene. Hii D nimeitolea jasho kila jioni, na haijawahi kunipa aibu hata siku moja. Uhandisi bado ni mlima mrefu, sitakudanganya. Nimeanza kuandika, na malipo ya makala yangu ya kwanza niliyaweka mkononi mwa mama, noti moja moja kama alivyonihesabia yeye. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema, "Bado." Ni kweli, bado. Namlipa kidogo kidogo.

NENO LA MWISHO

Kabla sijakuacha, kuna jambo moja siwezi kulipita. Usikubali mtu akuambie kwamba wewe ni maskini kwa sababu unawaza vibaya. Mama yangu hawazi vibaya. Ada ni ghali, ajira ni chache, mtaji haupatikani kwa kusimama mbele ya kioo. Mtu anaweza kuwa na mipango yote minne na bado akagonga ukuta. Ukiona kikwazo chenyewe hakivukiki, badili lengo mapema utumie nguvu zako kwingine. Hilo nalo ni tendo, siyo kushindwa.

Lakini ile sehemu iliyo mikononi mwako, hata kama ni ndogo, usiiachie usingizi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Siku hizi tunataka cha uvunguni huku tumelala juu ya kitanda.

Siku moja nilimuuliza mama kama na yeye huwa anaota ndoto za kuwa tajiri. Akacheka. "Huwa naota," akasema, "ila kabla ya kulala naloweka mchele kwanza."

Basi na wewe, msomaji wangu, leo usiku ota utakavyo. Jenga ghorofa, oa binti wa waziri, ukitaka panda ndege. Lakini kabla hujazima taa jiulize swali moja tu. Mchele umeuloweka?

Wiki njema, tukutane toleo lijalo.